Nilijificha Nyuma ya Vita vya Wakorea

Umbilo, Durban, Jumapili mchana

Neema mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Karatasi hizi nilizinunua mwezi wa tano, na sasa ni mwisho wa mwezi wa nane. Muda wote huo zimekaa chini ya cherehani. Kila nikizitoa naandika jina lako, halafu nakumbuka iko nguo ya mtu inasubiri pindo. Leo nguo za watu zimekwisha, na kesho unapanda ndege. Sina kazi nyingine ya kujisingizia.

Umeenda Westville kuwaaga wenzako wa shule, umesema utarudi jioni. Ningeweza kukungoja nikuambie kwa mdomo. Lakini nakujua. Nikianza tu utasema, "Mama, sharp, nimesikia," kabla sijafika katikati. Na mimi nikikatizwa nafurahi, nanyamaza, jambo linabaki lilipokuwa. Basi utalisoma kwenye ndege.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kulala mapema, wala za wavulana. Hayo tumeyasema mpaka jirani wa ukuta wa pili ameyajua. Nataka kukuandikia jambo nililolifanya mimi mwezi wa nne, ambalo wewe unadhani lilifanywa na watu wa Korea. Lakini nikikutupia hilo peke yake hutaelewa, au utaelewa vibaya zaidi kuliko lilivyo. Ngoja nianzie kwenye nyumba ya Mama Jun-ho, hata kama nyumba ile unaijua kuliko mimi.

Miaka mitatu nilifanya kazi pale. Baba Jun-ho alikuwa na kazi ya meli bandarini, Mama Jun-ho alipiga piano kwenye lile kanisa dogo la Wakorea, na bibi yao tulimwita Halmoni wote, kwa sababu kwao bibi ndiyo Halmoni. Huku Durban nilikuwa nimeshazoea kuitwa "wewe wa usafi". Wao siku ya kwanza waliuliza mtoto wangu anaitwa nani, na toka hapo nikawa Mama Neema. Kwao pia mwanamke akizaa, jina lake linaingia nyuma ya mtoto. Jina la Mama Jun-ho mwenyewe mpaka leo silijui, na yeye langu hajui. Tulielewana hivyo.

Lakini siku ile ile Halmoni aliniuliza nina miaka mingapi, na mimi nikakasirika. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Najua hesabu ambayo watu hufanya kichwani wakiniangalia mimi, halafu wakikuangalia wewe. Nilimjibu kwa kifupi, nikapiga pasi kwa hasira siku mbili. Wewe ndiye uliyekuja kuniambia, baada ya kuzoeana na Jun-ho, kwamba kule huwezi kuongea na mtu kabla ya kujua nani mkubwa, maana maneno yenyewe yanabadilika. Ulisema, "Mama, ni kama shikamoo ya Watanzania, ila yao iko kwenye kila sentensi." Siku mbili za pasi bure. Nakuandikia hili kwa sababu hasira yangu siku zote inafika kabla ya habari, na nimeona na wewe unaelekea huko.

Ulikuwa unafanya kazi ya shule kwenye meza yao, na Halmoni akikufundisha maneno. Mimi nikifagia nasikia sauti tu, wewe unanitafsiria tukiwa kwenye taxi ya kurudi Umbilo. Unakumbuka walivyogombana juu ya yule mama aliyegombea urais wao, binti wa rais wa zamani? Uliniigizia wote watatu mpaka abiria wakageuka.

"Baba yake alitujengea barabara," Mama Jun-ho alisema.

"Baba yake alitufunga midomo," Baba Jun-ho akajibu.

Na Halmoni, bila kuinua macho: "Barabara nilipita. Na mdomo nilifungwa. Kuleni, mchuzi unapoa."

Nilicheka sana. Nikasema nasi kwetu Congo mtoto wa rais ni rais, tena hatuulizwi. Nilidhani kwa kucheka hivyo nimeshazijua siasa zao. Nilipangusa vumbi chini ya televisheni yao kila siku, na kila siku ilikuwa inasema habari za Wajapani, na vile visiwa viwili vya mawe wanavyogombania katikati ya bahari, ambavyo hata mbuzi mmoja hawezi kushiba juu yake. Rais wao wa wakati ule alikwenda kukanyaga pale kwa miguu yake, na Wajapani wakakasirika. Jun-ho alimtania baba yake, "Baba, unakataa gari la Kijapani, na Durban nzima taxi ni za Kijapani!" Baba yake akamwambia, "Ndiyo maana umeniona natembea kwa mguu." Vyote hivyo nilivisikia. Sikuvichukua. Niliona ni mambo ya wenye nyumba.

Halafu Halmoni akatimiza miaka themanini.

Unajua sisi wa Uvira. Sherehe bila kitambaa kimoja kwa familia nzima si sherehe, ni chakula tu. Sikusema kitu kwa mtu. Nilikwenda mjini kwa yule mama wa Bukavu anayeuza vitenge, nikachagua kizuri kuliko vyote, cheupe, na katikati jua jekundu linatoa miale mpaka kwenye pindo. Nilisema huyu bibi ametoka nchi ya mashariki, jua litampendeza. Nilishona siku kumi. Blauzi ya Halmoni, gauni la Mama Jun-ho, shati la Baba, shati la Jun-ho, na letu mimi na wewe, ili siku ile tuonekane watu wa nyumba moja. Ndicho nilichotaka, nikiri. Nilitaka watu wa kanisa lao wakiingia wasijue nani mfanyakazi.

Ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa jikoni, hukuona uso wake. Halmoni alipokea kwa mikono miwili, kama wanavyofanya wao, na kama Wazulu wa hapa. Akafungua karatasi. Akakunjua blauzi magotini. Mikono yake ikasimama pale pale, na wageni waliokuwa wanapiga makofi wakaacha mmoja mmoja. Baba Jun-ho alisimama. Mama Jun-ho akaikunja ile blauzi haraka, akaitoa chumbani kama mtu anayetoa kitu kilichooza.

Nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza changu, "Ni jua tu! Jua limewakosea nini?"

Nikachukua mkoba, nikakushika mkono, tukaondoka, tena wewe una kijiko mkononi.

Wiki mbili sikurudi kazini, na nikakukataza kwenda. Ndipo uliponipigia kelele, mara ya kwanza maishani mwako. Ulisema, "Mama, ile ni bendera ya askari! Ni bendera ya askari wa Japani waliowatawala!" Ulisema Halmoni alikuwa na miaka minane shuleni wakati mwalimu alipomwambia jina lake si jina tena, akampa la Kijapani, na siku alipolisahau alisimamishwa nje kwenye barafu. Nikakuambia mimi sikumsimamisha kwenye barafu, mimi nilimshonea. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu.

Kilichonivunja hakikuwa maneno yako. Siku moja nilikuwa nashuka Berea, nikapita vijana wamevaa mabuti ya mpira, wanafanya mazoezi ya ile ngoma ya wachimba madini, wanajipiga miguuni, pa, pa. Nikavuka barabara bila kuangalia gari.

Hilo sijawahi kukueleza. Ulikuwa na miaka sita nilipokupeleka ufukweni kuona bahari, na iko kundi lilikuwa linacheza ngoma ile kwa ajili ya watalii. Ulifurahi, ukapiga makofi, ukaanza kuiga. Nikakupiga kofi mbele ya watu. Ulilia njia nzima, na mimi sikusema kwa nini. Mabuti yale, Neema, ndiyo waliyovaa watu walioingia Uvira mwaka tuliokimbia. Wewe ulikuwa mgongoni, una mwaka mmoja. Nilikuwa chini ya kitanda cha jirani na nilichokiona cha dunia nzima ni mabuti meusi ya mpira yanapita mlangoni, yanarudi, yanapita. Wale vijana wa ufukweni hawakunikosea kitu. Mtalii aliyepiga picha hakunikosea. Wewe uliyepiga makofi ndiye uliyepigwa.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara pale Berea nikaelewa blauzi.

Bado sikwenda kuomba radhi. Niliona aibu, na aibu yangu ni mvivu. Halmoni ndiye aliyekuja. Ulifungua mlango wewe, ukapiga yowe. Alikuwa amepanda ngazi zetu zote kwa miaka yake themanini, amebeba chupa kubwa ya kimchi, ile kabichi yao ya pilipili, kwa mikono miwili, Mama Jun-ho nyuma yake anahema. Alikaa kwenye kiti cha cherehani. Ulitafsiri: "Hukujua. Na mimi sikukuambia. Miaka mitatu unafua nguo zangu, sikukuambia nimetoka wapi." Nikamwambia habari ya mabuti. Wewe ulinyamaza katikati ya kutafsiri, ukaniangalia, maana na wewe ulikuwa unaisikia kwa mara ya kwanza ile sehemu ya kitanda. Ya kofi niliiruka. Leo nimeiweka.

Mashati yale na magauni sijui yalikwenda wapi. Sikuuliza.

Sasa mwezi wa nne.

Mwanzoni mwa mwaka walirudi kwao, Busan, na kanisa lao likakupa nafasi: mwaka mmoja wa lugha, halafu chuo. Ulikuwa uondoke mwezi wa sita. Halafu televisheni ikaanza. Pale saluni ninapopeleka nguo ilikuwa inawaka kutwa, na kutwa ni Korea ya Kaskazini, makombora juu ya magari marefu, askari wanaotembea miguu juu, na yule kijana wao mnene akiangalia kwa darubini. Siku moja wakasema Kaskazini imewaambia wageni wote walioko Kusini watafute njia ya kuondoka. Wanawake wa saluni wakanigeukia. "Mama Neema, huko ndiko unakopeleka mtoto? Eish! Umekimbia vita moja ukanunue nyingine?"

Nilitoka nje, nikampigia mchungaji wao. Nikasema Neema hatakwenda, mpe mwingine. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema ndiyo.

Jioni nikakuambia, "Wamesema nafasi imesogezwa, hawajui mpaka lini. Ni sababu ya mambo ya Kaskazini."

Hawakusema hivyo, mwanangu. Hawakusogeza. Niliiondoa mimi.

Hukulia. Ungelia ingekuwa rahisi. Ulikunja daftari zako za Kikorea ukaziweka juu ya kabati, ukaanza kazi kwenye lile duka la simu. Wiki sita ulikuwa unarudi saa kumi na mbili, unakula, unaosha sahani. Unanisaidia kupima nguo. Nami, na hapa ndipo penye ubaya wenyewe, nilikuwa na raha. Nyumba ilikuwa na watu wawili. Niliangalia habari kila siku, na siku ambayo hawakusema kitu cha Korea nilikuwa na wasiwasi, maana vita ikiisha nitasema nini?

Simu ililia mwisho wa mwezi wa tano, wewe ukiwa kazini. Halmoni. Unajua Kiswahili chake chote alikipata kwangu, jikoni kwao.

"Mama Neema. Neema iko wapi?"

"Kazini, Halmoni. Huko kuna vita."

"Vita hapana. Mimi hapa. Kabichi nakata."

"Televisheni inasema..."

"Televisheni hapana kabichi."

Nilicheka, nisitake. Akampa simu Mama Jun-ho atafsiri. Halmoni alisema kaka yake alikwenda Kaskazini akiwa kijana, mpaka wa nchi ukafungwa, hajui kama yu hai, na miaka sitini watu wa Kaskazini wanatishia, na miaka sitini wao wanaamka wanapeleka watoto shule. Si kwamba hawaogopi. Wamechoka kuogopa kila siku kwa kiasi kile kile. Alisema mwanawe alipopata kazi Durban, watu wa Busan walimlilia, wakamwambia unampeleka mjukuu mahali ambapo wageni wanachomwa moto. Hilo lilinipata. Mwaka 2008, wageni walipokuwa wanapigwa, mama yangu alipiga simu toka Uvira akilia rudini, rudini, na mimi nilimjibu huku naanika nguo zetu kwenye baraza. Hatari ilikuwepo, ndiyo, tulilala na viatu wiki nzima. Lakini nguo zilikuwa na maji na jua lilikuwepo. Mama yangu hakuwa akiona nguo.

Halafu Halmoni akauliza swali, na Mama Jun-ho akasita kulitafsiri. Nikamwambia sema.

"Anauliza, unaogopa vita, au unaogopa chumba kitupu?"

Nikajibu, "Vita."

Nilimdanganya na yeye. Vita vile vilinisaidia, Neema. Hata kama kusingekuwa na kombora hata moja duniani, ningetafuta kitu, baridi, ubaguzi, chakula kibichi. Nimekubeba toka nina miaka kumi na saba. Sijui kuwa mtu mzima bila wewe kuwemo ndani ya nyumba, sijawahi kujaribu. Nilichukua woga wa watu milioni ambao wana haki nao, nikautumia kufungia mlango mtoto mmoja.

Siku ile ile nilimpigia mchungaji tena, nikamwambia nilimdanganya. Hakunisema. Alisema iko nafasi ya mwezi wa tisa. Nikakuambia, "Wamefungua tena." Na Jumapili iliyofuata wewe ukasimama kanisani kwetu, ukashika maikrofoni, ukatoa ushuhuda jinsi Mungu alivyofungua mlango uliofungwa na wakubwa wa dunia. Watu walisema amina. Mimi nilikuwa kiti cha tatu, na nilisema amina pia. Miezi mitatu sasa amina ile iko kooni.

Sikuandikii ili unionee huruma, wala ili ushuke kwenye ndege na mzigo. Ulikuwa na haki ya kukasirika mwezi wa nne, na mimi niliichukua haki hiyo pamoja na nafasi yako. Nakurudishia. Itumie unavyotaka, hata kwa muda mrefu.

La kukushauri sina jingi. Siku moja huko utamwumiza mtu kwa kitu ambacho kwako ni kizuri, kama mimi na kile kitenge. Usikitetee. Kaa, uliza. Na siku nyingine mtu atakuumiza wewe hivyo hivyo, atakuuliza kama Afrika kuna nyumba, atagusa nywele zako ndani ya treni. Usimpe siku mbili za pasi. Wakikuuliza visiwa vile ni vya nani, sema unajifunza lugha, hujafika bado kwenye bahari. Na ukiona kijana wa umri wako anakwenda jeshini na kichwa kimenyolewa, na mama yake anamshika mkono kituoni, usidhani ni sinema. Kwao kila mvulana anakwenda, na Jun-ho zamu yake itafika. Mpigie Mama Jun-ho siku hiyo. Mimi sitajua la kumwambia, lakini wewe utakuwepo.

Nasikia taxi ya saa kumi na moja inapiga honi barabarani, nadhani umo. Basi nimalizie na vitu ambavyo bado nahitaji unitumie. Ni hivi tu.

Anwani yako yote kwa maandishi yao, kubwa na wazi, niweze kuikata na kuibandika kwenye bahasha.

Picha ya chumba chako ikionyesha dirisha, na nyingine ya kile kinachoonekana ukisimama dirishani. Za uso wako utatuma mwenyewe bila kuombwa.

Siku wanayopiga king'ora cha mazoezi ya hatari, neno moja kwenye simu, "mazoezi", kabla saluni haijawasha televisheni. Wewe uko mbele yangu saa saba, una muda.

Sindano za cherehani usitume, hapa ziko.

Na jibu la barua hii. Kama umenisamehe, andika. Kama bado, andika "bado", neno hilo peke yake linatosha, na tarehe, ili nijue ulikuwa bado lini.